Mwaka wa Ziara, Wageni na Ujuzi kwa Shule ya Sekondari ya Kutwa: Mwongozo Kamili, kwa Mfano wa Morogoro

Ukitaja ziara kwenye kikao cha walimu, swali la kwanza huwa la basi. La pili ni nani atalipa. Kikao kinaishia hapo, na wanafunzi wanamaliza kidato cha nne wakiwa wamelisoma bwawa, shamba la mfano na mbuga ya wanyama ubaoni tu.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Basi la kukodi linapanda barabarani mara moja tu kwa mwaka, na mara hiyo moja inapangwa tangu Januari. Ziara nyingine zote ni za miguu au daladala, wageni wanatoka mtaani, na ujuzi unafundishwa na watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Mfano nitakaoutumia ni shule ya kata ya kutwa ndani ya Manispaa ya Morogoro, kwa sababu mji huu una mambo mengi yaliyokaribiana. Mwalimu wa Tanga, Iringa au Musoma abadilishe majina ya mahali. Utaratibu ni uleule.

1. Anza kwa kufuta siku

Usianze kwa kuuliza twende wapi. Chukua kalenda ya mihula, ratiba ya mitihani ya NECTA na ratiba ya mitihani ya mkoa, kaa na mwalimu wa taaluma, kisha futeni siku zote zisizowezekana. Januari kidato cha kwanza bado wanaripoti kwa mafungu. Masika ya Machi hadi Mei yanaharibu njia za vumbi na kujaza mito inayoshuka milima ya Uluguru. Juni ni likizo. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa kuelekea mwisho wa mwaka, hivyo ikifika Septemba kidato cha nne waacheni wasome.

Ramadhani nayo huhama, inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Itafute mapema, kwa sababu kumpandisha mlima mwanafunzi aliyefunga ni kumtesa, na kumwambia abaki shuleni ni kumtenga. Ijumaa inakatwa na sala ya mchana. Jumamosi inaonekana ni siku ya bure, lakini Wasabato wako ibadani, wengine wana madrasa, na wasichana wengi wana kazi za nyumbani zilizowangoja wiki nzima. Kwa maoni yangu Jumatano na Alhamisi ndizo siku za ziara, hata kama vipindi vitapotea. Kipindi kinaweza kufidiwa jioni.

Baada ya kufuta utabaki na Februari na nusu ya Machi, wiki moja au mbili za Aprili, kisha Julai hadi Septemba. Nafasi hiyo inatosha.

2. Chora ramani ya mguu

Wape wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya jiografia: kila kikundi kiorodheshe sehemu za kazi, za historia na za sayansi zinazofikika kutoka shuleni kwa mwendo wa saa moja, au kwa daladala moja bila kubadilisha. Utashangaa watakacholeta. Watoto wa shule ya kutwa wanaujua mji kuliko walimu waliohamia juzi.

Kwa Morogoro orodha hiyo haikosi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa 1984, chenye mashamba, mifugo na maabara. Ndani ya mazingira ya chuo wapo APOPO, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Kuna Bwawa la Mindu, linalolisha mji maji. Kuna Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambalo kwa somo la biashara linazidi kitabu chochote. Kuna stesheni ya treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Kuna viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Na kuna Mazimbu, ambako nitarudi.

Karibu na kila jina andikeni mambo mawili: mada ipi ya muhtasari inagusa, na nani anamjua mtu wa pale. Hilo la pili ndilo linalofungua milango. Mzazi mmoja anayelinda geti la kiwanda atakufikisha kwa meneja haraka kuliko barua tatu zenye mhuri, ingawa barua bado utaipeleka.

3. Panga kwa mafungu manne

Kosa la ratiba nyingi za shule ni kutawanya mambo: mgeni wa benki Februari, ziara ya makumbusho Mei, mafunzo ya batiki Agosti, na hakuna kinachomjua mwenzake. Unganisha. Kila fungu liwe na mgeni, ziara na ujuzi vinavyozungumzia jambo moja ndani ya wiki tatu au nne. Mgeni huja kwanza ili wanafunzi waende ziarani wakiwa na maswali. Ujuzi hufuata wakati walichokiona bado kibichi kichwani.

Mafungu manne kwa mwaka yanatosha. Matano ni tamaa, na fungu la tano ndilo litakaloivuruga Septemba yako.

*Fungu la maji, Februari hadi Machi.* Wiki ya Maji nchini huadhimishwa 16 hadi 22 Machi, na kipindi hicho mamlaka za maji huwa tayari kupokea watu. Mwalike fundi bomba wa mtaani kabla ya mhandisi. Fundi anajua mabomba yanapasuka wapi na kwa nini mita inasoma hewa. Kisha nendeni Mindu na kwenye mtambo wa kusafisha maji: wanafunzi waone maji yakiingia na tope, yakitiwa dawa ya kugandisha uchafu, yakichujwa na kutiwa klorini. Kila kikundi kibebe chupa mbili safi, kiombe sampuli ya maji kabla na baada, na kulinganisha kwenye maabara ya shule. Ujuzi wa fungu hili ni kutengeneza sabuni ya maji. Nitaueleza chini kwa urefu, maana hapo ndipo kemia inapogeuka pesa.

*Fungu la ukombozi, Aprili.* Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo hilo, na mwaka 1978 wakaanza shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Wakimbizi walisoma, wakalima, wakaoka mikate na kutengeneza samani zao wenyewe hapo hadi 1992, majengo yaliporudishwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya SUA, na makaburi ya wapigania uhuru yapo. Zaidi ya hayo, ANC walifanya mkutano wao mkubwa wa ushauri hapa Morogoro mwaka 1969. Mwanafunzi anayekariri harakati za ukombozi kusini mwa Afrika huku akipita karibu na Mazimbu kila siku bila kujua, kosa si lake.

Mgeni wa fungu hili awe mzee aliyefanya kazi au kuishi jirani na Wasauzi miaka hiyo. Wapo, na wengi hawajawahi kuulizwa. Ujuzi ni kuhoji: kuandaa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kuomba ruhusa kabla ya kurekodi, kunyamaza mzee anapofikiri, kuandika alichosema bila kukipamba. Shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo simu ya kurekodia iwe ya mwalimu, na sauti zihifadhiwe kwenye kompyuta ya shule zikiwa na tarehe na jina la kikundi.

*Fungu la kilimo, Julai hadi Agosti.* Nane Nane inakupa nusu ya kazi bure, lakini usiwapeleke tarehe 8 yenyewe. Siku ya kilele viwanja vinafurika, wataalamu wanangoja viongozi, na watoto wanapotea. Nenda siku mbili tatu kabla, asubuhi, wakati afisa ugani bado ana sauti. Kila kikundi kipewe kibanda kimoja na swali moja, kwa mfano: mche huu unauzwa shilingi ngapi, unachukua miezi mingapi hadi kuvuna, na nini huuua zaidi? Kikirudi na jibu kamili la swali moja kimefanya kazi kubwa kuliko kilichozunguka vibanda arobaini kikikusanya vipeperushi.

APOPO watembeleeni kwa miadi wiki hiyohiyo au inayofuata. Panya mmoja aliyefuzu hupitia sampuli mia za makohozi kwa dakika ishirini hivi. Magawa, panya aliyezaliwa hapa na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020. Kwa baiolojia hapo kuna hisi, kujifunza kwa kuzawadiwa na magonjwa ya kuambukiza, vyote kwa saa moja. Ujuzi wa fungu hili ni kitalu: kuchanganya udongo, kuatika mbegu, kuhamisha miche na kuiuza kwa wazazi.

*Fungu la Mikumi, Septemba.* Hili ndilo la basi, na nitalieleza katika sehemu ya 6.

4. Mgeni: namna ya kumwalika na namna ya kumtumia

Niseme wazi kuhusu wahamasishaji wanaopita shuleni na maikrofoni kuwaambia watoto wanaweza kuwa chochote. Waache. Saa mbili za makofi hazimwachii mwanafunzi jambo la kufanya kesho yake. Mama lishe anayeeleza anavyohesabu faida ya sufuria moja ya wali ana somo zaidi.

Mwalike mgeni wiki tatu kabla, kwa barua ya mkuu wa shule, kisha umtembelee. Mweleze mambo manne: umri wa wanafunzi, mada, muda, na kwamba aje na kifaa cha kazi yake. Fundi cherehani aje na mkasi na kipande cha kitambaa, nesi aje na kipima presha. Muda bora ni vipindi viwili mfululizo vya dakika 40: mgeni aseme dakika ishirini, zilizobaki ni maswali na kushika kifaa. Maswali yakusanywe siku moja kabla, mwalimu achague kumi na kumpa mgeni ayaone.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini mgeni aseme Kiswahili. Fundi mahiri anayelazimishwa Kiingereza anageuka mtu asiyejua kazi yake. Wanafunzi waandike ripoti kwa Kiingereza baadaye, wapate mazoezi ya lugha pamoja na mada.

Posho zungumzieni mapema. Watumishi wa taasisi mara nyingi huja kama sehemu ya kazi yao: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, dawati la jinsia na watoto la polisi, TAKUKURU kupitia klabu za wapinga rushwa. Fundi wa mtaani yeye anapoteza siku ya kazi. Mpeni nauli na chakula cha mchana, na wanafunzi wamwandikie barua ya shukrani yenye jambo moja walilojifunza. Nimeona barua kama hizo zimebandikwa ukutani kwenye vibanda vya mafundi. Sharti moja halina mjadala: mgeni, awe nani, habaki peke yake na wanafunzi.

5. Ujuzi: mfano wa sabuni

Klabu za ujuzi hufa kwa sababu mbili, malighafi kuisha na bidhaa kukosa mnunuzi. Sabuni ya maji inashinda zote mbili, kwani shule yenyewe inainunua kwa ajili ya vyoo na jiko. Inaendana pia na mtaala ulioanza kutumika 2024, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Hata shule ya mkondo wa jumla haikatazwi kuwafundisha watoto kazi ya mikono.

Malighafi zinapatikana kwenye maduka ya kemikali: salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni), sles ya kuongeza povu ambayo wauzaji huiita ungaroli, magadi soda, chumvi, rangi na manukato. Nunua kwa vipimo vya ndoo ya lita ishirini, na mwombe muuzaji akuandikie uwiano wa bidhaa zake, maana nguvu ya salfoniki hutofautiana. Tumia ndoo ya plastiki na mti wa kukorogea. Sufuria ya aluminiamu italiwa.

Magadi yayeyushwe kwenye maji usiku wa kuamkia siku ya kazi. Siku yenyewe, mwalimu akiwa amevaa glovu na miwani, salfoniki imiminwe polepole ndani ya maji huku ikikorogwa upande mmoja, kisha sles, kisha maji ya magadi kidogo kidogo. Hapo povu litapanda na vipovu vya hewa vitatoka. Simamisha kazi na uwaulize ni gesi gani. Asidi ya salfoniki imekutana na kabonati ya magadi, na kabonidayoksaidi iko mbele ya macho yao. Wapime kwa karatasi za litimasi mpaka mchanganyiko usiwe asidi wala besi kali. Anayeruka hatua hii ndiye anayeuza sabuni inayochubua mikono. Mwishoni chumvi iliyoyeyushwa iongezwe kijiko kwa kijiko ili sabuni iwe nzito. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji na hakuna namna rahisi ya kuirudisha. Iachwe ilale hadi povu litulie, ndipo ipakiwe.

Wanafunzi wa hesabu za biashara waandike daftari la gharama: malighafi, chupa, nauli ya dukani, bei ya kuuzia, kilichobaki. Daftari hilo lina matumizi mengine, kama utakavyoona.

6. Safari ya basi

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata kwa kilomita kama 50, na kutoka Morogoro mjini ni mwendo wa saa mbili hivi. Septemba ni kiangazi: nyasi zimepungua, wanyama wanasogea kwenye maji, na bwawa la viboko halikosi watazamaji. Andika kwa mhifadhi mkuu wa hifadhi miezi miwili kabla, ukiomba viwango vya wanafunzi na ofisa wa kuwaongoza, na uulize basi la ukubwa wako linaruhusiwa njia zipi ndani.

Fedha. Elimu bila ada ilipoanza 2016, michango ya lazima ilipigwa marufuku, kwa hiyo hakuna mwanafunzi wa kurudishwa nyumbani wala kuaibishwa kwa sababu ya safari. Tuseme basi ni shilingi 600,000, viingilio, maji na chakula 400,000, na akiba ya dharura 100,000. Kwa wanafunzi 50 ni shilingi 22,000 kila mmoja, fedha nyingi kwa mzazi wa kipato cha siku kwa siku. Sabuni na miche vilipe sehemu, bodi ya shule na wafadhili wa mtaani walipe nyingine, na kilichobaki wazazi wachangie kwa hiari kidogo kidogo kuanzia Februari, kwa risiti. Daftari la safari liwekwe na wanafunzi walewale wa daftari la sabuni, mhasibu akilikagua. Likibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mnong'ono wa kwamba walimu wamekula unakosa pa kuanzia.

Ruhusa zinapita kwa mkuu wa shule hadi ofisi ya Afisa Elimu Sekondari. Barua iende na orodha ya majina, walimu, namba ya gari, jina la dereva na saa za kutoka na kurudi. Mzazi asaini fomu ya ridhaa yenye namba mbili za simu na maelezo ya afya: pumu, seli mundu, kifafa, mzio, dawa anazotumia. Fomu hizo zisafiri, zisibaki ofisini.

Kwenye gari usilegeze chochote. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Omba askari wa usalama barabarani wakague basi siku moja kabla: breki, matairi, mikanda, bima, leseni ya dereva. Kila mwanafunzi kiti chake, hakuna kusimama wala kupakatana. Ondokeni saa 12 asubuhi, mwe mmerudi kabla ya saa 12 jioni. Kama basi halikuja kwa wakati, safari iahirishwe. Usikubali gari la kuokoteza asubuhi hiyo.

Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 12 hadi 15, angalau mmoja wao mwanamke, na mkoba wenye taulo za kike, maji ya ziada na vifaa vya huduma ya kwanza. Wiki mbili kabla, mgeni wa fungu hili awe mkufunzi wa Msalaba Mwekundu, afundishe kufunga jeraha, kumlaza aliyezimia na kupiga 114 ya zimamoto au 112 ya polisi. Kila kikundi cha safari kiwe na wawili waliofanya mazoezi hayo. Ndani ya basi kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia. Hesabuni vichwa wakati wa kupanda, si wakati wa kushuka tu.

Mbugani kila kikundi kihesabu spishi moja tu, kiandike saa, mahali na idadi. Wakirudi, takwimu hizo ndizo kipindi cha hisabati cha wiki: jedwali, chati, wastani.

7. Baada ya kila fungu

Wape siku tano, si zaidi. Ripoti ya ukurasa mmoja, mchoro mmoja, swali moja ambalo halikujibiwa. Ripoti bora zitumike kwenye alama za upimaji endelevu za somo husika, la sivyo wanafunzi watajua mapema kwamba ziara ni mchezo. Siku ya wazazi weka meza nne, moja kwa kila fungu, na wanafunzi ndio waeleze. Mzee wa Mazimbu akae mbele, na sabuni iuzwe mlangoni.

Walimu huhamishwa, na mwalimu mlezi akihama mara nyingi mpango wote huondoka na simu yake. Weka faili moja kwa mwalimu wa taaluma: majina ya wenyeji walioridhia kuandikwa, namba zao, nakala za barua, gharama halisi za mwaka, wageni waliofaa na wasiofaa. Novemba, wakati kidato cha nne wako kwenye mitihani na shule imetulia, andika barua za Februari.